Kipimajoto Hakijui Fukuto

Msikilizaji, katika taarifa ya hali ya hewa namba tunayoishika ni moja, kiwango cha juu cha joto cha mchana. Ukisikia Lodwar, kwenye ukame wa kaskazini mwa Kenya, ni nyuzi 36 na Mombasa 33, unadhani wa Mombasa wana nafuu. Mimi nasema namba hiyo ikiachwa peke yake inapotosha, na upotoshaji huo unaua. Mwili unapoa pale jasho linapokauka. Hewa ikiwa imekwisha kushiba mvuke, jasho hutiririka tu mgongoni, nguo zikaganda mwilini, na joto likabaki ndani. Watu wa pwani hali hiyo wanaiita fukuto, na kipimajoto cha kawaida hakilioni.

Ushahidi mzito wa jambo hili umetoka mbali na ikweta, katika jiji la Chicago, Julai 1995. Tarehe 13 uwanja wa ndege wa Midway ulifikia nyuzi 41, kiwango ambacho jangwani hakimshangazi mtu. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulikuwa umetua juu ya eneo la kati la Marekani, nao haukuwa na haraka ya kuondoka. Penye mgandamizo kama huo hewa hushuka, na inaposhuka hubanwa ikazidi kupata moto, mawingu yakakosa nafasi ya kujijenga. Hilo linaeleza joto. Fukuto lilianzia ardhini: mvua za miezi iliyotangulia zilikuwa zimeulowesha udongo, na mashamba mapana ya mahindi na soya yakawa yanatoa mvuke mchana kutwa. Tabaka la hewa ya joto lililokuwa juu likaufunika mvuke ule kama mfuniko wa sufuria. Jua lilipozama, mvuke ulizuia joto la ardhi kupotelea angani, huku matofali na lami vikirudisha moto viliounywa mchana, hata usiku ukabaki kwenye nyuzi 27 hivi. Kwangu mimi, usiku ndio kiini cha msiba ule, kwa sababu moyo uliofanya kazi mchana kutwa haukupata saa ya kupumzika. Ndani ya wiki moja walikufa watu 739 zaidi ya wanaotarajiwa kufa katika wiki kama hiyo, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao.

Wako watakaosema wazee hao walikuwa karibu na kaburi hata hivyo. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba ni takriban robo tu ya vifo vya ziada vilivyokuwa vimetangulizwa kwa siku au wiki chache. Waliobaki waliporwa maisha. Wengine watasema sisi wa pwani tumezoea. Ni kweli mwili uliozoea hutoa jasho mapema na kwa wingi, lakini jasho hilo nalo linahitaji hewa itakayolikausha. Tena mazoea yetu yalikuwa na wasaidizi: kuta nene za mawe, paa la makuti, baraza linalopitiwa na upepo wa bahari. Leo wengi wanalala chini ya bati, katika chumba chenye dirisha moja, nalo limefungwa kwa kuogopa wezi. Wazee wa Chicago nao walifunga madirisha kwa hofu hiyohiyo.

Joto kali liliporudi Chicago mwaka 1999, jiji lilifungua vituo vyenye ubaridi na kutuma watu wabishe hodi kwa wazee. Waliokufa walikuwa wapatao 110. Joto la safari hiyo lilikuwa pungufu kidogo, kwa hiyo tofauti yote siwezi kuihesabia hodi hizo, ila siamini kwamba hazikuokoa watu. Kwetu, kati ya Desemba na Machi, kaskazi inavuma na tunaambiwa habari za jua la utosi. Tuambiwe pia, kwa sauti ileile, hewa ina unyevu kiasi gani na usiku utashuka hadi nyuzi ngapi. Balozi wa nyumba kumi anaujua mlango wa bibi anayeishi peke yake. Akisikia saa mbili usiku kwamba fukuto halitapungua hadi alfajiri, ana muda wa kwenda kuugonga.