Kuiondoa protini ili kuijua

Msikilizaji, ukitaka kujua kazi ya protini fulani ndani ya seli, iondoe uone kinachoharibika. Lakini ukifuta jeni yake, seli yaweza kufa kabla hujaona chochote. Na ikinusurika, huwa imekwishazoea kuishi bila protini hiyo. Jibu linalonivutia zaidi lilitoka Japani mwaka 2009, kwa Masato Kanemaki na wenzake. Waliazima mfumo wa mimea, ambamo homoni ya auksini husababisha protini maalumu zivunjwevunjwe. Wakaunganisha protini waliyoichunguza na protini ya mmea, wakaingiza pia kipokezi cha auksini kutoka kwenye mpunga. Ukitia homoni, protini hutoweka, mara nyingi ndani ya saa moja. Ukiiondoa homoni, protini hurudi, na seli ni ileile! Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Mbinu za namna hii hutumika kuchunguza vimelea vya malaria, ambavyo protini zake zisizoweza kufutwa ndizo hasa zinazofaa kulengwa na dawa. Maabara zetu zinastahili kupewa fedha za kuifanya kazi hiyo hapa hapa.