Mchezaji wa Akiba Naye Ana Mechi Yake

(Maneno haya yalisemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, jioni baada ya mechi ya wazee na wanafunzi. Tunayachapisha kwa ombi la wengi waliohudhuria.)



Nimeombwa niseme machache juu ya michezo. Nadhani aliyeniomba alitegemea nisimulie makombe. Makombe yamo kabatini ofisini, na walioyaleta wamo humu ukumbini. Watayasimulia wenyewe usiku huu, na kadiri saa zinavyokwenda ndivyo magoli yatakavyozidi kuongezeka. Mimi nitasema juu ya benchi, kwa sababu ndiko nilikokaa.

Naomba kwanza mnyoshe mikono. Ni wangapi kati yetu tulikuwa kikosi cha kwanza? Naona mikono saba, na mmoja wao namjua, ashushe mkono wake. Sasa ni wangapi tuliovaa jezi, tukapasha misuli, kisha tukarudi bwenini jezi ikiwa safi kama ilivyotoka sandukuni? Ahaa! Basi leo nasema na wenzangu.

Leo mchana mmeona jambo likawachekesha. Kipindi cha pili, kijana mmoja wa shule aliingizwa kuchukua nafasi ya mwenzake. Hazikupita dakika 15, akaanguka chini ameshika kigimbi, misuli imekaza, na mzee wa miaka hamsini na kitu ndiye aliyemnyosha mguu. Uwanja mzima ulicheka. Mimi sikucheka, ndugu zangu. Yule kijana nilimjua. Alikuwa ni mimi wa mwaka 1988.

Mwaka huo nilikuwa Kidato cha Nne. Wakati ule Kyerwa haikuwa wilaya. Ilikuwa Karagwe moja mpaka ilipogawanywa mwaka 2012, na kijana wa Kaisho au Nkwenda alikuwa mwenzetu sawasawa na wa Kayanga. Mimi nilikuwa beki wa kulia wa akiba. Aliyekuwa mbele yangu alitoka Mabira, na alikuwa na tabia moja mbaya sana: hakuugua hata mafua. Kwa wiki sita mfululizo sikugusa mpira katika mechi yoyote.

Lakini sikukaa bure. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mchakamchaka wa shule, nilikuwa nimekwisha kupanda kilima na kushuka. Ninyi mnazijua njia za huku. Nchi yetu imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hakuna mahali unapokwenda ila umepanda au umeshuka. Kwa mbio za kilima sikuwa na mpinzani bwenini. Nikajiambia: siku nikiitwa, nitawaonyesha.

Nikaitwa. Ilikuwa mechi ya mwisho na shule jirani. Dakika ya 55 mwenzangu wa Mabira aliteguka kifundo cha mguu, nami nikaingia nikiruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Dakika kumi za kwanza nilikuwa kila mahali. Dakika ya 70 pumzi ilikuwapo bado, lakini miguu haikunisikia. Winga wao alikuwa akienda, akisimama, akigeuka, akienda tena. Kila alipogeuka, mimi niligeuka nimechelewa. Mara ya kwanza alinipita, golikipa akatuokoa. Mara ya pili alinipita, na nilipogeuza shingo mpira ulikuwa wavuni. Tukafungwa 2 kwa 1. Njiani kurudi hakuna aliyenisemesha, na safari ilikuwa ndefu.

Mwalimu wetu wa michezo alinikuta jioni nyuma ya bweni. Hakunigombeza. Aliniambia: "Mbio unazo, kijana. Mechi huna."

Nilichukua muda kulielewa neno hilo. Naomba niwaeleze wanafunzi kama lilivyokuja kunielea baadaye, nilipokuwa mimi mwenyewe nafundisha vijana.

Mtu anayepanda kilima anakwenda mwendo mmoja. Mpira hauna mwendo mmoja. Katika dakika 90 mchezaji wa kati huenda kiasi cha kilomita 10 hadi 12, lakini sehemu kubwa ya hizo anatembea au anajikokota tu. Kazi ngumu imo katika zile mbio fupi za mita 10, 20, 30, zinazokuja bila taarifa. Anabadili mwendo zaidi ya mara 1,000: anaruka, anakwama, anageuka, anasukumana bega kwa bega, anainuka, anakimbia tena. Misuli inayofanya kazi hiyo hujengwa na kazi hiyo hiyo. Tena kuna macho na akili: kujua mpira utaangukia wapi, kuamua kabla hujafikiwa, kutulia watu wanapokupigia kelele. Kilima hakikupigii kelele. Kilima hakikuvizii.

Jambo la pili ni kwamba nguvu za mwili haziwekwi kama mahindi ghalani. Mtu akikaa wiki mbili au tatu bila kazi ngumu, pumzi huanza kupungua, hata kama mwezi uliopita alikuwa simba. Mchezaji wa kikosi cha kwanza analindwa na mechi yenyewe: kila Jumamosi inamrudishia alichopoteza. Wa akiba kila Jumamosi anapoteza zaidi, naye hajui, maana mazoezini anaonekana yuko sawa.

Wiki iliyofuata mwalimu yule alianzisha mechi ya Alhamisi. Wote ambao hawakucheza Jumamosi walipangwa timu moja. Timu ya pili iliundwa na waliosalia: walimu wawili, mpishi mmoja mwenye shuti la kutisha, na vijana wa kijijini waliokuwa wakitusubiri kwa hamu watuaibishe. Ilichezwa kiwanja cha chini, dakika 90 kamili, jezi, filimbi, na refa asiyechekea mtu. Mwalimu alikataza kuiita mazoezi. Aliyeiita mazoezi alikwenda kuchota maji ya jikoni.

Mechi nne za Alhamisi zilinifanyia jambo ambalo wiki sita za kilima hazikuweza. Kikosi cha kwanza sikukipata, msije mkadhani nimekuja kusimulia ushindi. Mwenzangu wa Mabira alipona, akarudi mahali pake, nami nikarudi benchi. Lakini muhula ule niliingizwa mara mbili zaidi, na mara zote mbili nilimaliza mchezo nimesimama, na hakuna winga aliyenigeuza tena kama mlango.

Nilipomaliza shule nikajiunga na timu moja ya wilaya, na huko pia benchi lilinipokea kwa mikono miwili. Safari hii nilikuwa na maarifa. Jumamosi nisipochezeshwa, nilimwomba mwalimu wa timu ruhusa, na Jumapili nilipanda baiskeli kutoka Omurushaka kuelekea Nkwenda, kucheza mechi ya mchangani na vijana wa kule. Baiskeli nyingine njiani zilibeba mikungu ya ndizi; yangu ilibeba daluga tu, na bado nilisukuma kwenye milima. Kiwanja kilikuwa na mteremko, kipindi kimoja unacheza ukipanda. Lakini mpinzani alikuwa wa kweli na alitaka kushinda.

Ilikuwa mwaka 1990, na wengi wenu mnakumbuka redio zilivyotuambia mwaka ule juu ya Kameruni. Televisheni Tanzania Bara haikuwapo bado. Tulikusanyika kwenye redio moja dukani tukasikia jina la Roger Milla, mzee wa miaka 38. Watu walisimulia kama muujiza: ametoka wapi huyu? Alikuwa ametoka kisiwa cha Réunion, anakocheza katika timu ndogo ambayo hakuna aliyeisikia. Huko Italia aliingia kila mechi akitokea benchi. Aliingia na Romania akafunga mawili, aliingia na Colombia akafunga mawili, na Kameruni ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Wenzangu walishangaa umri wake. Mimi nilishangaa Réunion. Ile ilikuwa mechi yake ya Alhamisi.

Ndugu zangu, siku hizi benchi lina kazi kubwa kuliko zamani. Kombe la Dunia la mwaka 1970 ndilo la kwanza kuruhusu wachezaji wa kubadilisha, nao walikuwa wawili tu. Baadaye wakawa watatu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, timu ziliruhusiwa kubadilisha watano, na mwaka 2022 jambo hilo likaingia katika sheria kwa kudumu. Watano kati ya kumi na mmoja! Ni karibu nusu ya timu. Mwalimu ambaye akiba yake haina mechi miguuni anaanza mchezo akiwa na nusu timu.

Mkienda Kaitaba, Bukoba, au uwanja wowote mkubwa, msikimbilie kutoka filimbi ya mwisho ikilia. Kaeni kidogo. Mara nyingi mtaona wale ambao hawakucheza, au walioingia dakika tano, wanabaki uwanjani wanakimbizwa mbio fupi fupi wakati wenzao wamekwenda kuoga. Hawaadhibiwi. Wanalipwa deni la mechi waliyoikosa.

Kwa wanafunzi mlio benchi, nawapa machache niliyoyatumia kwa vijana wangu. Kwanza, siku ambayo hukucheza, usilale nayo. Siku hiyo au kesho yake, kimbia mita 30 kwa nguvu zako zote mara 10, ukitembea kurudi ulikoanzia. Pili, tafuta wenzako saba, mcheze wanne kwa wanne katika kiwanja kidogo, dakika nne kwa nguvu, mpumzike dakika tatu, mrudie mara nne. Hapo hakuna pa kujificha. Tatu, pasheni misuli kabla ya kila mchezo, hata wa Alhamisi, dakika 20 bila kuruka, na ukiwa benchi inuka ukajipashe kabla hujaitwa. Nne, kula ebitoke na maharage yako saa tatu kabla ya mechi, unywe maji, na ulale mapema. Tano, ukiwa benchi mtazame yule utakayemkaba. Nilipokuwa mjinga nilikuwa natazama mpira.

Na onyo moja. Usiibe mechi. Mimi niliwahi kucheza ndondo tatu katika siku nne bila kumwambia mwalimu wangu, kwa sababu mshindi alipewa mbuzi. Goti langu la kushoto bado linanikumbusha mbuzi yule kila masika, na nyama yake hata sikuionja. Mwalimu asiyejua umecheza wapi hawezi kujua akupumzishe lini.

Sasa nafika kwenye ombi langu, Ndugu Mwenyekiti, nami nitaketi.

Asubuhi ya leo niliwauliza vijana wa akiba wa shule hii: mara ya mwisho mlicheza mechi lini? Wakatazamana. Mmoja akajibu kwa heshima: "Muhula uliopita, mzee." Nikashuka kwenda kutazama kiwanja cha chini. Nimekuta vichuguu viwili, goli moja limeanguka, na nyasi zinafika kiunoni. Mechi ya Alhamisi haikufutwa na mtu yeyote. Iliachwa tu kidogo kidogo, leo mvua, kesho mtihani, mpaka ikasahaulika. Simlaumu mtu. Sisi wenyewe tunapokuja hapa kila mwaka tunatazama kiwanja cha juu tu, kwa sababu ndicho chenye makombe.

Naomba chama chetu kifanye mambo matatu. Tuje siku moja na majembe yetu tukisafishe kile kiwanja, sisi wenyewe, wala si kwa kutuma fedha. Tununue mipira minne na filimbi moja, na seti ya jezi za rangi tofauti na za kikosi cha kwanza. Na sisi tunaoishi karibu, wa upande wa Karagwe na wa upande wa Kyerwa, tuwe ile timu ya pili, kila mtu Alhamisi anayoiweza. Mpishi wetu wa zamani hayupo tena duniani, Mungu amrehemu, na shuti lake halina mrithi, lakini miguu mizee ya kumsumbua kijana ipo ya kutosha humu ndani.

Nilipomnyoshea mguu yule kijana leo, maana yule mzee wa hamsini na kitu aliyemwinamia ni mimi, aliniambia, "Samahani, mzee, nimewaangusha." Nikamwambia hakutuangusha yeye. Alikuwa na mbio. Mechi tulipaswa kumpa sisi.

Alhamisi ijayo mimi nitakuwa kiwanja cha chini saa kumi jioni, na jembe langu.