Mtambo wa Risasi Iliyoyeyuka, na Nani Atafundisha Vijana

Mmeniuliza kwa nini kila mara nasisitiza kijana akae na fundi mzee. Leo nawajibu kwa habari ya mtambo mmoja wa kupanga herufi za magazeti huko Marekani, uitwao Linotype.

Zamani herufi zilipangwa moja moja kwa mkono. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune likaanza kutumia mtambo wa Ottmar Mergenthaler, mzaliwa wa Ujerumani aliyesomea ufundi wa saa. Mtu anakaa mbele ya vitufe 90. Akibonyeza kimoja, kalibu ndogo ya shaba inateremka, halafu nyingine, mpaka mstari unajaa. Kati ya maneno huingia kabari za chuma, zikisukumwa juu mstari unabana sawasawa. Ndipo risasi iliyoyeyuka, yenye antimoni na bati, inasukumwa ndani, na mstari mzima unatoka kipande kimoja, bado moto. Kalibu nazo hupandishwa juu. Zina meno kama ya ufunguo, basi kila moja inaangukia chumba chake tena. Hapo mimi huwa nashangaa!

Gazeti la New York Times liliiacha mitambo hiyo Julai 1978, kompyuta zikaingia. Mingi iliishia kuwa skrepa. Michache imo kwenye makumbusho, kama yale ya uchapaji ya Haverhill, Massachusetts.

Sasa anayetaka kujifunza leo afanyeje? Vitabu vipo, lakini kazi iko mikononi. Kwanza kuna kusugua zile kabari kwa unga mweusi wa grafaiti. Risasi ikigandia ubavuni, kalibu zinaharibika kingo, na vistari vyembamba vinatokea kati ya herufi kwenye karatasi.

Vitufe navyo si kama vya taipu. Herufi ndogo ziko kushoto, kubwa kulia, tarakimu na alama katikati. Safu zinaanza na zile zinazotumika sana katika Kiingereza: e, t, a, o, i, n. (Kwa Kiswahili, nadhani a ingekaa mbele.) Ukikosea, mara nyingi ilikuwa rahisi kupitisha vidole kwenye safu, mstari ujae, kisha kipande kitupwe. Wakati mwingine kilisahaulika, na msomaji akakuta "etaoin shrdlu" katikati ya habari!

Lakini hatari ndiyo inayotaka mwalimu. Sufuria ina joto la nyuzi 280 hivi za Selsiasi. Mstari usipobana, risasi inaruka nje. Mkuo wenye unyevu ukitumbukizwa, maji yanageuka mvuke ghafla. Akina mama, mnajua tone la maji kwenye mafuta ya moto. Tena risasi ni sumu, mikono ioshwe kabla ya kula. Fundi mzoefu husikia kwa sikio tu kwamba kalibu imekwama, akazima mtambo kabla haujavunja kitu. Sikio hilo hulipati kitabuni, unalipata ukikaa ubavuni mwake.

Na waliokuwa vijana kazini mwaka 1978 sasa ni wazee. Wengi wameshatuacha.

Basi mkutano ujao kila kikundi kije na majina mawili: la fundi mmoja mzee wa kijijini kwenu, awe wa saa, wa kinu au wa cherehani, na la kijana atakayekaa naye. Mama wa pale nyuma, nimeona mkono wako, uliza.