Wanyama wa Milima ya Chini ya Bahari: Funzo la Vema kwa Bahari ya Hindi



Mada yangu inahusu wanyama wa sakafu ya bahari wanaoishi kwenye milima iliyozama na kandokando ya visiwa vilivyo mbali na bara. Wataalamu wengi huhesabu kuwa mlima wa bahari ule ulioinuka mita 1,000 au zaidi kutoka sakafuni, lakini kilele chake hakikufika juu ya maji. Mingi ni volkano zilizozimika. Kisiwa cha Ngazija, chenye volkano ya Karthala, ni mlima wa asili hiyohiyo uliobahatika kutokeza.

Sehemu kubwa ya kilindi ni tope, na juu ya tope tumbawe halipati pa kushika. Linataka mwamba, tena linataka mkondo wa kuliletea chakula, kwa kuwa halitembei. Mlima unatoa vyote viwili, maana maji yakigonga ubavu wake huongeza kasi. Ukitazama tawi moja la tumbawe la maji baridi utaona jamaa wa kiti cha pweza wamelizinga kwa mikono yao myembamba, mikono mingine wameiinua kunasa chembe zinazopita. Tawi likivunjwa na nyavu za kukokota, wapangaji wote hao hukosa makao. Na kuota kwake ni kwa taratibu mno: huko Hawaii, tumbawe jeusi la kilindini limepimwa na kukutwa na umri wa zaidi ya miaka 4,000.

Sasa niwapeleke Atlantiki ya kusini, kwa sababu jambo ninalotaka kulisema lilikwishatokea huko. Mlima wa Vema, magharibi ya Afrika Kusini, uligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na meli ya utafiti yenye jina hilo. Kilele chake kiko mita 26 tu chini ya maji, na kilikuwa kimejaa kambakoche. Miaka ya 1960 wavuvi wakafika na mitego yao, na baada ya misimu michache tu kambakoche wakawa wameadimika. Kurudi kwao ni kugumu. Mtoto wa kambakoche huanza maisha akiwa bapa na mwangavu kama kipande cha kioo, akichukuliwa na maji kwa miezi mingi, na asipokutana na mwamba wa kutua anapotea. Uvuvi wa sakafuni ulikuja kufungwa pale mwaka 2007. Wapiga mbizi waliofika mwaka 2019 walikuta mitego iliyotelekezwa ingali chini.

Kambakoche wa jamii hiyohiyo wapo Tristan da Cunha, kisiwa chenye wakazi mia chache. Kule wanavuliwa hadi leo, kwa kiwango kinachopangwa, na ndio tegemeo la uchumi wa wenyeji. Mnyama ni mmoja. Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba Tristan pana watu wanaomhesabu na kumwekea mpaka, na Vema hapakuwa na mtu.

Katika Bahari ya Hindi tunao mlima wa Walters, kusini mwa Madagaska, ambao kilele chake kiko kama mita 18 chini ya maji. Nao uko nje ya mipaka ya nchi yoyote. Hapo ndipo walipopatikana kambakoche wakubwa waliopewa jina Palinurus barbarae mwaka 2006, na waliwafikia wanasayansi kwa sababu wavuvi walikuwa wamekwisha kuanza kuwavua. Yaani mtego ulitangulia jina.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu viumbe wa bahari kuu ulianza kutumika tarehe 17 Januari 2026, na unaruhusu kutenga hifadhi nje ya mipaka ya nchi. Naomba wizara zetu za uvuvi na vyuo vyetu vya sayansi za bahari vipeleke wataalamu katika vikao vyake, na pendekezo la kwanza watakalolibeba liwe hifadhi ya Walters.