Kama Mama OPJ Angepewa Dosie ya Chebeya



Sote tunapenda zile filamu za inspekta wa kike. Mutu ameuawa, mama anafika, anauliza maswali. Wakubwa wanamupigia simu aache, yeye haachi. Mwishoni minista anatiwa pingu. Sisi tunapiga makofi, kisha umeme unakatika.

Dada mumoja wa kwetu alimaliza droit kama sisi, anakaa bila kazi kama sisi. Siku moja alituambia: «Miye nataka kuwa OPJ, nifanye anketi.» Tulicheka. Baadaye tuliona haya, juu aliongeza swali ambalo hatukulijibu: yeye angepewa dosie ya Floribert Chebeya, angefika wapi?

Basi tumufuate tangu mwanzo. Tarehe 1/6/2010, kule Kinshasa, Chebeya, kiongozi wa La Voix des Sans-Voix, anaenda ku ofisi kuu ya polisi. Alikuwa aonane na Jenerali John Numbi, mukubwa wa polisi wa inchi nzima. Dereva wake ni Fidèle Bazana. Kesho yake Chebeya anaonekana ndani ya gari lake, Mont-Ngafula, amekufa. Pembeni yake kuna kondomu na nywele za mwanamuke. Tuelewane: walitaka inchi imucheke, na familia ione aibu kumulilia.

Dada yetu aliposoma pale, hakucheka. Aliuliza: kama kulikuwa mwanamuke, alienda wapi? Na Bazana je? Waliondoka watu wawili, mbona maiti ni moja? Maswali kama hayo hayaombi laboratware ya Ulaya, hata mama wa sokoni angeyauliza.

Lakini sasa ndjo ugumu unaanza. Ili ajue Chebeya alikutana na nani, OPJ lazima aingie ofisini mwa mukubwa wake mwenyewe. Kwetu polisi anahukumiwa na tribinali ya kijeshi, na muamuzi hawezi kuwa na cheo cha chini kuliko mushitakiwa. Jenerali wa cheo kile, nani atamuhukumu? Numbi alifika mbele ya waamuzi kutoa maelezo tu, kisha akarudi kwake. Mwenyewe amekana siku zote, na hadi 2022 alikuwa hajahukumiwa. Muko hapa wenye kusoma sheria: ile kanuni inalinda nani?

2011, Koloneli Daniel Mukalay anapewa hukumu ya kifo pamoja na wengine, wamoja wakiwa mafichoni. 2015, tribinali ya juu inaishusha kuwa miaka 15, na wengine wanaachiliwa. Wengi walisema mambo yameisha.

Yalifunguliwa na nani? Si anketi. Ni polisi wenyewe waliokimbia inchi. Paul Mwilambwe alisema kutoka uhamishoni. Mwezi wa pili 2021, wengine wawili wakaeleza kwenye RFI namna watu wale wawili walivyouawa kwa kukosewa pumzi. Fikirini, wandugu: kwa kusema kweli ya Kinshasa, polisi wa Kongo lazima kwanza avuke mupaka. Mwaka ule ule Numbi naye akatoka inchini.

Tarehe 11/5/2022, Christian Kenga Kenga alipewa hukumu ya kifo, Jacques Mugabo miaka 12, Mwilambwe akaachiliwa. Tunaikubali kama hatua, ijapo hatutaki kifo cha mutu yeyote. Siku ile, miaka 12 ilikuwa karibu kutimia, na familia ya Bazana ilikuwa haijapewa maiti yake iizike.

Dada yetu anajua yote hayo, na bado alipeleka dosie yake mahali pa kuandikisha. Mutu wa pale alimuomba «kitu kidogo cha karatasi». Hakuwa nacho. Na hata angekuwa nacho, asingetoa: OPJ ataanzaje kazi ya kutafuta wezi kwa kununua kiti?

Anarudi kule Jumatatu, saa mbili asubuhi, na diplome yake mukononi. Tumemwambia hataenda peke yake. Mwenye kuja atukute ku rond-point saa moja na nusu, bila kelele, na tuwe wengi.