Wa Kumi na Sita Atakaa Wapi?

(Mazungumzo na wanafunzi wanaotaka kuanzisha klabu ya michezo)



Leo sikuja na picha za mapafu ya mvutaji sigara, wala sitakuuliza maswali ya aibu mbele ya wenzako. Nataka tuongee juu ya michezo. Najua utasema, mwelimishaji wa afya na michezo wapi na wapi? Subiri kidogo. Kila nikienda shule, baada ya kipindi kuna mtu ananifuata pembeni: "Dada, tunataka kuanzisha klabu, tuanzeje?" Nikimuuliza tatizo lenu nini, ananitajia mpira, jezi na mfadhili. Sibishi, hivyo vyote vinahitajika. Lakini kuna mtu mmoja hamtaji kamwe, na klabu nyingi hufa kwa sababu yake. Nitakuambia ni nani, ila kwanza nikupeleke mbali.

Kuna mchezo wa Ireland unaoitwa halingi. Fikiria mpira wa magongo, halafu ondoa adabu yake yote. Kila upande una wachezaji 15, na kila mmoja ameshika fimbo ya mbao iliyopanuka mwishoni kama mwiko wa ugali. Mpira ni mdogo, unaenea mkononi, una gramu 110 hadi 120, ndani gamba la mti, nje ngozi iliyoshonwa. Unaupiga ukiwa chini, unaupiga ukiwa hewani, unaweza hata kuudaka. Ila ukiushika mkononi huruhusiwi kupita hatua nne, kwa hiyo wanaojua hukimbia nao juu ya fimbo kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Goli lina nguzo ndefu kama la raga. Mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukiingia chini wavuni ni tatu. Mpira huo ukipigwa sawasawa huenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Sasa unaelewa kwa nini nasema adabu haipo.

Mchezo wenyewe ni wa kale sana, na mwaka 2018 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Chama kinachousimamia kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884, katika hoteli moja ya mji mdogo wa Thurles, na aliyekuwa mbele katika jambo hilo alikuwa mwalimu, Michael Cusack. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba mpaka leo ni mchezo wa ridhaa. Fainali huchezwa Dublin katika uwanja wa Croke Park, unaoingiza watu zaidi ya 82,000, lakini wachezaji hawalipwi mshahara. Jumapili mtu anashangiliwa na uwanja mzima, Jumatatu yuko darasani anafundisha, au yuko shambani kwake.

Haya, sasa tuvuke bahari. Twende Milwaukee, mji wa jimbo la Wisconsin huko Marekani, kando ya Ziwa Michigan. Sijafika, nimesoma habari zake na kutazama mechi zao kwenye video. Katikati ya miaka ya 1990 kikundi kidogo cha marafiki kiliamua kucheza halingi katika mji huo. Huo si mji wa halingi hata kidogo. Ni mji wa baridi kali, theluji miezi mingi, na unajulikana zaidi kwa viwanda vya bia vilivyoanzishwa na wahamiaji wa Kijerumani. Fimbo hukuti dukani, lazima ziagizwe kutoka Ireland, na hizo fimbo huvunjika, jamani! Kiwanja kamili cha halingi kina urefu wa mita 130 hadi 145 na upana wa mita 80 hadi 90, yaani kiwanja cha soka hakitoshi. Wengi wa waliojiunga hawakuzaliwa Ireland, na walikuwa hawajawahi kushika fimbo ya namna hiyo.

Leo klabu hiyo ina wanachama zaidi ya 300, wanaume kwa wanawake, na mara nyingi hutajwa kuwa kubwa kuliko zote nje ya Ireland.

Ilikuwaje? Hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini.

Timu ya halingi ni watu 15. Akija wa kumi na sita, atakaa wapi? Klabu nyingi humweka benchi. Wiki ya kwanza atakaa, ya pili atakaa, ya tatu atasema ana tumbo. Ni kweli, kuna wachezaji wa akiba, lakini naongea juu ya yule asiyejua kabisa, anayepiga hewa, anayekimbia upande usio wake. Huyo ndiye mtu niliyesema hamumtaji.

Milwaukee hawakujenga timu moja kali wakawaacha wengine watazame. Walianzisha ligi yao wenyewe ndani ya klabu. Wanachama wanagawanywa katika timu kadhaa, na timu hizo zinachezeana msimu mzima. Tena mgawanyo haudumu milele. Huchaguliwa upya, wazoefu wakitawanywa na wageni wakitawanywa, ili pasiwe na timu ya mafundi watupu na nyingine ya wanafunzi watupu. Umeona ujanja huo? Mgeni akija hapangiwi benchi, anapangiwa timu. Na yule fundi hawezi kumdharau, maana wako pamoja. Asipomfundisha kudaka, watafungwa wote.

Faida nyingine ni kwamba hawahitaji mpinzani kutoka nje ili wacheze. Klabu mpya katika mji usiojua mchezo huo itamwalika nani? Wangengoja mechi za ugenini, wangecheza mara mbili kwa mwaka. Na wanapotaka kuonekana, wanaufuata umati uliko. Kila Agosti pale kando ya ziwa kuna tamasha kubwa la utamaduni wa Ireland, lilianza mwaka 1981. Wanakwenda kuonyesha mchezo wao huko. Mtu alikuja kusikiliza muziki, anaona watu wanakimbizana na miko, anasimama. Hapo ndipo unapompata.

Sasa nikusimulie yangu. Nilipokuwa chuo kikuu tulianzisha klabu ya netiboli. Siku ya kwanza walikuja wasichana kama arobaini. Mwenzangu wa chumbani alikuwa mmoja wao. Alikuwa hajacheza tangu shule ya msingi, akaazima hela akanunua raba mpya. Netiboli ni watu saba, na kapteni wetu alitaka kombe. Baada ya wiki mbili akachagua kumi, waliobaki wakaambiwa wawe "washangiliaji". Mimi nilikuwa katika wale kumi. Nilikasirika? Hapana. Nilifurahi! Nilimwona mwenzangu amekaa kwenye majani na raba zake nyeupe, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Wiki iliyofuata hakuja. Mwaka wa pili, wawili walipokwenda mafunzo kwa vitendo, mmoja akaumia kifundo cha mguu na mmoja akaacha, tulibaki sita. Sita si timu kamili ya netiboli. Tulikwenda kuwaomba wale wa kwanza warudi. Unadhani walitujibu nini?

Ndiyo maana nilipoisoma habari ya Milwaukee niliisoma mara mbili.

Tuje kwenye mambo ya kiafya, maana ndiyo kazi iliyonileta. Shirika la Afya Duniani linasema kijana wa umri wako anahitaji wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku. Hilo umeshaambiwa. Ambalo huenda hujaambiwa ni kuhusu kichwa chako.

Katika halingi, mpaka mwisho wa mwaka 2009 mchezaji mkubwa aliweza kuingia kiwanjani kichwa wazi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2010 helmeti yenye wavu wa kukinga uso ni lazima kwa kila mchezaji, hata mazoezini. Wachezaji waliozoea kichwa wazi hawakufurahi wote. Ni walewale wa kwetu wanaosema helmeti ya pikipiki inawatoa jasho. Klabu inayowakaribisha wageni ni vizuri iwe na helmeti na fimbo chache za kuazimisha, maana mtu hawezi kununua vyote hivyo kabla hajajua kama mchezo anaupenda. Na helmeti haimalizi kila kitu. Inalinda fuvu na meno, lakini ubongo bado unaweza kutikisika. Kwa hiyo shika hili, hata kama unacheza soka au basketi: mwenzako akigongwa kichwa halafu akaona kizunguzungu, akatapika, akaumwa kichwa, akaona maluwiluwi au akasahau matokeo ni ngapi, atoke. Asirudi siku ile, hata akikuapia kwamba yuko fiti. Kama anazidi kuumwa, anasinzia ovyo au anatapika tena na tena, mpelekeni hospitali upesi. Usimwache alale peke yake bwenini eti "atapoa".

Jambo la pili ni pombe. Kiswahili chetu kina utani wake: klabu ni ya mpira, kilabu ni cha pombe, na mtu akisema haraka huwezi kujua anakwenda wapi! Katika halingi utani huo ni kweli kabisa. Kampuni ya bia ya Guinness ilidhamini mashindano makubwa ya halingi huko Ireland kuanzia 1995 hadi 2013. Kule Marekani timu nyingi hufadhiliwa na baa. Kuna klabu moja Concord, jimbo la New Hampshire. Ilianza katikati ya miaka ya 2000 kutokana na wanajeshi waliokuwa safarini wakati wa vita vya Iraq. Ndege yao ilitua uwanja wa Shannon, Ireland, wakaona halingi kwenye televisheni ya baa ya uwanjani, wakasema tukifika nyumbani tutaucheza huu. Na kweli wakaucheza. Klabu hiyo ikaitwa Barley House Wolves, yaani mbwamwitu wa Barley House, na hiyo Barley House ni baa.

Sitakuficha, baa hizo zimesaidia. Zilitoa hela ya jezi wakati ambapo hakuna mwingine aliyejua halingi ni kitu gani, na zikatoa mahali pa kukaa baada ya mechi. Mtu mzima ajiamulie. Lakini jiulize swali letu lilelile. Yule asiyekunywa, kwa sababu ya dini au kwa sababu amekunywa mno huko nyuma na sasa anajaribu kuacha, baada ya mechi atakaa wapi? Kama urafiki wote wa klabu uko mezani penye chupa, huyo mmemfukuza bila kumwambia toka. Chama cha Ireland chenyewe kililiona hilo, kikaanzisha mpango wa kuzuia ulevi na dawa za kulevya ndani ya vilabu vyake. Nyie hamna baa, mna bweni na ukuta wa nyuma wa jiko. Nauliza tu: baada ya mazoezi mnakwenda wapi, na nani haalikwi?

Mengine nitayapitia haraka. Klabu ya ridhaa haina mshahara, lakini ina kazi: kuna wa kuweka hela, wa kuhesabu vifaa, wa kufua jezi. Hela isomwe mbele ya watu wote kila mwezi hata kama ni shilingi elfu tatu. Jezi zisifuliwe na wasichana siku zote. Na kama wavulana na wasichana wanacheza pamoja, kama kule Milwaukee, semeni mapema kabisa kwamba kumshika mtu isivyo na kumtania mwili wake ni kosa la kutolewa, si "utani wa mchezo". Huko Ireland wanawake wana chama chao cha mchezo kama huo tangu mwaka 1904, kwa hiyo asije mtu kukuambia fimbo si ya wanawake.

Halafu siku ya kwanza, kabla hamjagawa jezi, gaweni timu. Hata mkiwa kumi na wanane, gawanyeni tisa tisa, punguzeni kiwanja. Klabu changa za halingi nje ya Ireland hufanya hivyohivyo, na hakuna aliyezikamata.

Nilipomaliza mazungumzo haya katika shule moja, msichana wa kidato cha pili alinyoosha mkono. Nilidhani atauliza juu ya helmeti. Akasema, "Dada, yule wa raba mpya yuko wapi siku hizi?"

Nilimjibu ukweli. Ni mhasibu, tunapigiana simu. Mwaka jana nilimwomba radhi, akacheka sana, akasema alikuwa amesahau. Nikamuuliza zile raba alizipeleka wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema alimpa mdogo wake wiki ileile.