Nani Atafyeka Nyasi?
Mazungumzo juu ya viwanja na bustani za mji wetu, yaliyosomwa mbele ya wanachama, Kiplombe, Eldoret



Kabla hatujaketi, ndugu mmoja alituuliza mlangoni: chama cha wafanyakazi kina haja gani na nyasi na mabwawa ya kuogelea? Kazi yake si mishahara? Ndiyo, ni mishahara. Lakini mshahara ni wa saa za kazi tu. Ziko saa za kulala, na ziko saa zinazobaki, nazo ni zetu wenyewe. Wafanyakazi wa kila nchi waligoma na kufungwa kwa ajili ya saa hizo. Haifai tuzipate kisha tusiwe na mahali pa kuzitumia ila baa. Na watoto wetu hata baa hawana. Wanayo barabara ya malori.

Mji wetu umepanda cheo. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ulipewa hati ya kuwa jiji, wa tano baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 tulihesabiwa watu 475,716. Dunia nzima inatujua kwa wakimbiaji. Mjini tunao uwanja wenye jina la mzee wetu Kipchoge Keino, aliyewashinda wote mbio za mita 1500 kule Mexico mwaka 1968, na tunao uwanja wa 64, wenye namba ya shamba ambalo mji huu ulianzia. Sawa. Lakini mtoto wa Kiplombe akirudi shule saa kumi, hapandi matatu kwenda kucheza 64. Atacheza umbali wa kuitwa na mama yake. Kwa hiyo sisi, tunaposema viwanja vya jiji, tunataka kwanza kusema juu ya kiwanja kilicho karibu na nyumba.

Basi tuwaambie kisa chetu, maana wengi mmekisikia nusunusu.

Pale chini ya mteremko, mahali watoto wanapocheza mpira tangu sisi wenyewe tulipokuwa tukivaa kaptura za shule ya misheni, asubuhi moja tulikuta vigingi vinne vya saruji. Hakuna aliyejua vimetoka wapi. Mzee mmoja akatuambia, "Vijana, kigingi hakimei chenyewe." Tukaenda kuuliza katika afisi moja. Karani akatutuma afisi nyingine. Ile nyingine ikatuambia tulete karatasi. Karatasi gani? Hawakusema. Tulizunguka siku nne, na wawili wetu wakakatwa mshahara kwa kukosa kazini. Mwishowe mama mmoja muuza mboga, ambaye hata si mwanachama, akatupa akili kuliko sisi sote. Akasema, "Ulizeni namba ya ploti, halafu mlipe ada mfanyiwe sachi. Msimbembeleze mtu, ulizeni daftari." Tukafanya hivyo. Daftari likasema kiwanja kile ni cha matumizi ya umma.

Tulipoanza kuionyesha karatasi ile kwa watu, vigingi vikatoweka usiku, vile vile kama vilivyokuja. Hatusemi ni nani aliyeviweka. Hatujui, wala hatutaki kumsingizia mtu.

Lakini katika zile siku nne tulisikia neno moja ambalo halijatutoka moyoni. Mtu mmoja kwenye foleni alituambia, "Lakini kiwanja chenyewe si kitupu tu?" Nasi tuliporudi tukakitazama upya. Kweli, nyasi zilifika magotini. Mlingoti mmoja wa goli ulikuwa umeanguka. Kwenye kona kulikuwa na takataka na maji yaliyotuama. Hapo ndipo tulipofahamu mambo yanavyokwenda. Ardhi haichukuliwi ikiwa nzuri. Kwanza huachwa bila mtunzaji, kisha huitwa tupu, kisha hupata mwenyewe.

Tazameni Uhuru Park ya Nairobi. Bustani ile ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969. Mwaka 1989 wakubwa wa chama kilichotawala wakati ule walitaka kujenga ndani yake jumba la ghorofa 60. Bibi Wangari Maathai akaandika barua kwa kila aliyeweza kusoma, hapa nchini na ng'ambo. Akatukanwa hata bungeni. Mwishowe jumba likaachwa. Twamsifu mama yule kwa ushujaa wake, lakini tusisahau jambo la pili. Bustani ile haikuwa tupu. Kila Jumapili watu walikuwapo: wapiga picha, wenye mashua za kukodisha, wahubiri, wafanyakazi wamelala kwenye nyasi na viatu kichwani. Aliyesema pale hapana mtu angeonekana mwongo mara moja.

Na huku kwetu? Wazee wanaikumbuka EATEC, kampuni ya miwati, iliyokuwa na mashamba makubwa kandokando ya Eldoret. Ilipoyauza, yakakatwa ploti. Mashamba mengine mengi pia yamekatwa. Mwenye kukata ploti hupata pesa kwa kila futi. Kiwanja cha mpira hakimletei kitu. Ndiyo sababu vile vichache vilivyobaki haifai kuvipoteza, maana mtaa ukishajengwa hakuna atakayebomoa nyumba ili watoto wapate goli.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu sisi ni watu wa reli na jambo hili twalijua kwa mikono.

Njia ya reli haikai kwa kuwa ilifunguliwa na gavana. Inakaa kwa sababu liko genge. Mtu anatembea na spana na nyundo, anakaza nati, anatazama mataruma, anarudisha kokoto, anafungua mfereji kabla ya mvua. Genge likiondolewa mwaka mmoja, hakuna atakayeona kitu. Mwaka wa pili gari linapunguza mwendo. Wa tatu linaanguka. Uwanja ni vile vile. Siku ya kufungua kuna utepe, mkasi na hotuba, na pesa za siku hiyo hupatikana. Ila nani atafyeka nyasi mwezi wa nne? Nani atazibua choo? Nani atafunga lango saa moja usiku na kulifungua asubuhi? Hizo si pesa za kujenga, ni pesa za kila mwezi, na katika bajeti ndizo hukatwa kwanza, kwa kuwa hazina utepe.

Na hapo chama kina neno la haki kabisa. Katika miji mingi kazi hii hufanywa na vibarua wa miezi mitatu, wasio na buti wala glavu, na wakianza kuujua uwanja, wanaachishwa. Ni watu wetu hao. Tukidai bustani bila kudai mtunza bustani wa kudumu, tunamwibia ndugu yetu ili watoto wetu wacheze.

Vijana wetu wengine wanataka bwawa la kuogelea. Tunawaelewa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu wapata 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Hapa pia tuna mto Sosiani, na tuna mashimo yanayojaa maji wakati wa mvua. Mtoto asiyefundishwa kuogelea mahali salama atajifundisha mahali pa hatari. Lakini bwawa ni kama injini, halitaki kusahauliwa hata siku moja. Pampu lazima izungushe maji yapite kwenye chujio. Klorini ipimwe kila siku kabla ya watu kuingia, na tena wakiwamo. Katika lita moja iwe kama miligramu 1 hadi 3. Ikipungua, maji hubeba maradhi. Ikizidi, macho na ngozi huwaka. Awepo mwokoaji ameketi juu akitazama maji, si simu. Siku mwokoaji hayupo, lango lifungwe, hata kama watoto wanalia. Kwa maoni yetu Kiplombe isianze na bwawa. Ianze na kiwanja, bomba la maji, choo chenye mlango, na watu wawili wa kukitunza. Tukiyaweza hayo miaka mitatu, tuombe bwawa.

Hapa mama mmoja alitukatiza akauliza, "Na wasichana? Au kiwanja ni cha mpira wa wavulana tu?" Alisema kweli, nasi tulikuwa hatukuandika. Ule mlango wa choo ni wa wasichana kwanza. Na kuwe na saa za netiboli zilizoandikwa ubaoni, ili wakija wasiambiwe wangoje wavulana wamalize. Wavulana hawamalizi.

Sasa, pesa. Katiba ya mwaka 2010, katika orodha ya kazi za kaunti iliyo mwishoni, imetaja viwanja vya michezo, bustani na mahali pa burudani. Basi mwenye kudaiwa anajulikana. Lakini Katiba hiyo hiyo inasema mapato ya kaunti yaingie mfuko mmoja, ila yale ambayo sheria imeyatoa kando. Maana yake ni hii: uwanja ukitoza kiingilio au ukikodishwa kwa mkutano, shilingi ile haibaki kununua mbegu za nyasi. Inakwenda katika mfuko mkubwa, na kurudi kwake ni mpaka iombwe katika bajeti. Mtunzaji aliyekusanya nyingi na aliyelala wote hungoja sawa.

Hospitali za serikali zilikuwa na shida hiyo hiyo, zikapiga kelele miaka mingi, na mwaka 2023 Bunge likatoa sheria ya kuziruhusu zibaki na pesa zinazokusanya, zitengeneze hospitali. Ikiwa hospitali zimeweza, kwa nini viwanja visiombe? Hata wakoloni walilijua jambo hili. Kule Nairobi tangu miaka ya 1920 baraza la mji liliuza pombe kwa Waafrika katika vilabu vyake, na faida ikawekwa mbali na pesa nyingine, kwa mambo ya ustawi wa Waafrika hao hao. Wazee wetu walijengewa kwa kunywa kwao wenyewe! Hatuusifu mpango ule, ulikuwa wa kuwapunguzia Wazungu kodi. Twataja tu kwamba kuweka pesa kando si jambo geni.

Tahadhari moja. Kiingilio kikiwa kikubwa, kiwanja kinakuwa klabu. Sisi wa reli twajua klabu: zamani Wazungu walikuwa na yao, Wahindi yao, na Waafrika yao nyuma ya karakana. Mtoto asilipe kitu. Alipe mwenye kukodi kwa harusi au kwa mkutano wa siasa, na aache pesa ya kusafisha kabla ya kupewa ufunguo.

La mwisho ni saa ya gari. Wengi wetu husikia habari za bajeti mwezi wa sita, tunakwenda kulalamika, tunaambiwa imekwisha. Na kweli imekwisha. Sheria ya fedha ya mwaka 2012 inasema mpango wa maendeleo wa mwaka upelekwe kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe tarehe 30 Aprili. Jambo lisiloandikwa Septemba ni shida kulipandisha Aprili. Anayefika Juni amekuta gari limepita Turbo. Tena sheria ya miji ya mwaka 2011 inawapa wakaazi baraza lao la kuuliza na kujibiwa. Huko ndiko tutakakokwenda, si kwenye afisi ya kuzungushwa.

Tawi limechagua watu watatu, mmoja wao ni yule mama muuza mboga, na amekubali. Barua imekwisha kurudufiwa, iko kwa katibu pamoja na nakala ya ile karatasi ya sachi. Inaomba mambo manne tu: uzio, bomba, choo, na watunzaji wawili wa kudumu wenye mshahara ulioandikwa. Asiyeweza kuandika jina aweke kidole gumba, wino upo.

Na Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane kiwanjani. Mwenye slasha aje nayo, mwenye jembe alete jembe. Fundi mmoja wa karakana ameahidi kuusimamisha ule mlingoti, ila anataka watu wanne wa kuubeba.